Hoja Isiyoteteeka

Bibi Selina aliwahesabu kuku wake kwa masikio. Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia Ihanja, alikaa kwenye kigoda mlangoni, kitenge kimemzunguka mabegani, akamsubiri mjukuu wake afungue banda. Kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja kadiri walivyotoka.

"Huyo ni Mwekundu, anakoroma kama mwenye mafua. Huyo anayelalamika ni mama vifaranga. Na huyo jogoo mchanga, Mungu amsaidie, bado anajifunza kuwika. Tumvumilie tu."

Walikuwa kuku kumi na watatu. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu miaka minne iliyopita, akabaki anaona mwanga na vivuli, basi. Kwa hiyo Loyce, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alihamia kwake kutoka Kiomboi, ambako mama yake alikuwa muuguzi. Loyce aliteka maji, akapika ugali, akamsomea bibi barua na ujumbe wa simu, akamwambia kama mawingu yamekusanyika au la. Mgeni akija, bibi alimshika Loyce begani na kusema, "Huyu ndiye macho yangu." Alilisema hilo kwa fahari kabisa, na Loyce alilipenda kuliko sifa yoyote ya shuleni.

Na shuleni alisifiwa, usidhani. Alikuwa darasa la sita, na hakuna aliyemweza kwenye mdahalo. Mtoto mwembamba, sauti ya kufika barabarani, na maneno yanamtoka mdomoni kwa mpangilio kama askari wa gwaride. Rafiki yake Edward, waliyekaa naye dawati moja, alikuwa akisema kwamba Loyce angeweza kumshawishi mbuzi aache majani.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, Mwalimu Festo aliingia kwenye chumba cha mdahalo akaandika ubaoni maneno mawili: hoja isiyoteteeka.

"Haya, nani ananipa maana?"

Edward alinyoosha mkono. "Ni kitu kibaya, Mwalimu. Kwa mfano, uji wa leo hauteteeki."

Darasa likacheka, na Mwalimu Festo naye akacheka kidogo, maana uji wa siku ile ulikuwa na mabonge.

"Uji ni mbaya, nakubali," alisema. "Lakini uji haujasema kitu. Neno hili halitumiki kwa kila kibaya. Linatumika pale ambapo mtu amesimama mahali na anasema, mimi nasimama hapa, niondoeni. Mpishi akija akasema uji ule ulikuwa mtamu, hapo sasa msimamo wa mpishi ndio hauteteeki."

Akakaa pembeni mwa meza.

"Wote mnalijua dungu. Lile jukwaa tunalojenga kwenye shamba la mtama ili mlinzi akae juu afukuze ndege. Sasa chukueni dungu ambalo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Mlinzi aliye juu yake ni hodari, ana manati, ana sauti kama ya Loyce. Vitamsaidia nini? Ataanguka tu. Tatizo si mlinzi, ni pale aliposimama."

"Kwa hiyo ni hoja ngumu, Mwalimu?" aliuliza Loyce.

"Hapana. Hoja ngumu inateteeka, ila inataka jasho. Na hoja iliyoshindwa huenda ilikuwa inateteeka, ila msemaji wake hakujiandaa. Isiyoteteeka ni ile ambayo hata tukiipa msemaji bora wa mkoa mzima wa Singida, haisimami."

"Na mtu akigundua kwamba ndiyo hiyo aliyoishika?"

"Ashuke," alisema Mwalimu Festo. "Ashuke mwenyewe, mapema. Kwenye mdahalo tunasema, naiondoa hoja. Haina aibu. Aibu ni kuendelea kukaa juu, halafu umwite mwenzako apande akusaidie kushikilia."

Loyce aliandika yote kwenye daftari lake na kupigia mstari. Jumamosi walikuwa na mdahalo na shule moja ya Sepuka, na neno lile alikuwa amelipenda. Alikuwa na hamu ya kumrushia mtu.

Jumamosi hiyohiyo ilikuwa siku ya chanjo ya kuku.

Ihanja yote inaujua ugonjwa wa kideri. Ukiingia kwenye banda, jioni una kuku, keshokutwa una manyoya. Dawa yake ya kutibu haipo, ila kinga ipo, tone moja tu ndani ya jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Katika kitongoji chao mchanjaji alikuwa Mama Peniel, mama mmoja mpole aliyesomea kazi hiyo kwenye semina na kuifanya kwa moyo. Wazee wanaoishi bila watu wazima wenzao hakuwatoza chochote. Lakini chupa yake ya dawa ilikuwa na masharti. Ikishafunguliwa haisubiri kesho. Kwa hiyo watu walikubaliana siku moja, wakawafungia kuku usiku kucha, na alfajiri watoto wakawabeba ndani ya matenga hadi uani kwake, wakapanga foleni.

Loyce alifika na matenga mawili juu ya toroli saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na baridi, ule upepo wa mwezi wa saba ambao Singida huupata bila kuuomba. Mbele yake kulikuwa na watoto kama ishirini, na Mama Peniel alimshika kila kuku taratibu, akamgeuza kichwa, akadondosha tone, akasubiri kuku apepese jicho. Hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Gari la kwenda Sepuka lilikuwa linaondoka shuleni saa moja na nusu.

Loyce alisubiri. Foleni ilisogea hatua mbili. Mzee Urbano, jirani yao, alipita akamwona, akamwambia, "Vizuri, mjukuu, umewahi." Akampa shikamoo na kusubiri tena. Ilipofika saa moja na dakika kumi, mbele yake walikuwa bado watoto tisa. Akafikiria gari likiondoka bila yeye. Akamfikiria msemaji wa Sepuka akishinda. Kisha akageuza toroli kimya kimya, akapita nyuma ya nyumba, akarudi nyumbani.

Alifungua matenga, kuku wakatawanyika.

"Tayari?" aliuliza bibi kutoka jikoni.

"Tayari, Bibi."

"Wote?"

"Wote kumi na watatu."

Ilikuwa rahisi mno. Bibi alimpa kiazi cha moto akala njiani, akambariki, na Loyce akakimbia.

Kule Sepuka mada ilikuwa kwamba mbuzi ana faida kuliko ng'ombe. Msemaji wa Sepuka, aliyemtetea ng'ombe, alidai kwamba ng'ombe haingii shamba la mtu. Loyce alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema kwa utulivu, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kila mtu hapa aliyewahi kufukuza ng'ombe kwenye mtama wake anyooshe mkono." Ukumbi mzima ulinyoosha, hata mwalimu wao. "Basi hoja ya mwenzangu haiteteeki." Walipiga makofi hadi madirisha yakatetemeka. Ihanja ikashinda, na Edward alimbeba mgongoni hadi kwenye gari.

Njiani Loyce alijiambia kwamba Jumapili atakwenda kwa Mama Peniel kumweleza. Jumapili akakumbuka kwamba chupa haikai. Akasema atasubiri chanjo nyingine, mwezi wa kumi, miezi mitatu si mingi. Na bibi hakuuliza tena. Kwa nini aulize? Alikuwa ameshaambiwa na macho yake.

Kideri kiliingia mwezi wa tisa, na upepo na vumbi.

Nyumba ya Bibi Selina ilikuwa ya mwisho kando ya barabara kuu, pale ambapo wachuuzi husimama na matenga ya kuku wa kupeleka mjini. Kwa hiyo kilianzia kwake. Asubuhi moja Loyce alifungua banda na bibi akakunja uso.

"Mwekundu hajakoroma," alisema.

Mwekundu alikuwa amezubaa pembeni, mabawa yameshuka, kinyesi chake cha kijani kimemchafua mkia. Jioni shingo ilikuwa imepinda. Kesho yake walikufa wanne, siku iliyofuata watano. Jogoo mchanga, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuwika vizuri, alikufa mapajani mwa bibi, na bibi akaendelea kumpapasa mgongo muda mrefu baadaye kwa sababu hakujua. Loyce ndiye aliyemwambia. Hadi Ijumaa hawakubaki na hata mmoja. Loyce na Edward walichimba shimo refu wakawazika wote.

Baada ya hapo uani kukawa kimya. Bibi bado aliamka alfajiri, bado alikaa kwenye kigoda chake akitega sikio, na hakuna kilichomjia isipokuwa upepo. Usiku Loyce alilia ndani ya blanketi, na bibi akamsikia. Akamvuta, akamlaza kifuani.

"Usilie, mama yangu. Wewe ulifanya yote uliyoweza," alisema. "Uliamka na baridi ile, ukawapeleka. Kama wamekufa, wamekufa."

Loyce alizidi kulia.

Sasa sikia mambo yalivyokwenda. Habari za kijiji hazina mguu lakini zinafika. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alijua kwamba kuku wa Bibi Selina walichanjwa na bado wamekufa wote. Mzee Urbano ndiye aliyevumisha zaidi. Alikuwa na kuku arobaini na hofu ya kuwapoteza, na mtu mwenye hofu huongea sana.

"Nilimwona yule mtoto kwenye foleni kwa macho yangu," alisema kila alikoketi. "Dawa ilikuwa mbovu. Mimi tena kwa Mama Peniel sipeleki kuku."

Wengine nao wakaanza kusema hawapeleki. Chanjo ya mwezi wa kumi ilikuwa imebaki wiki mbili. Mama Peniel alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba kuku wengine aliowachanja siku ile wapo hai, na watu wakamjibu kwamba ni suala la muda. Kinga ya mwezi wa saba ilikuwa inaelekea ukingoni. Watu wangekataa sasa, kideri kingekifagia kitongoji chote. Na kwa Mama Peniel kulikuwa na jingine. Peniel, mwanawe wa darasa la tatu, alirudi nyumbani akilia kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa muuaji wa kuku.

Loyce alilisikia hilo darasani. Siku nzima hakunyoosha mkono.

Moyoni alikuwa anajitetea. Foleni ilikuwa ndefu. Shule ilinihitaji. Pengine wangekufa hata wangechanjwa. Sikujua kama kideri kitakuja. Alizipanga hoja zake kama alivyofundishwa, akazipitia moja moja, na kila moja alipoiegemea ilimwangusha. Alilijua jina la kitu alichokuwa nacho mkononi. Alikuwa ameliandika mwenyewe na kulipigia mstari.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Alute, aliitisha mkutano Jumapili mchana kwenye uwanja wa mashine ya kukamulia alizeti. Mashine ilikuwa imezimwa. Watu walikaa juu ya magunia ya mashudu na wengine wakasimama. Loyce alikuja akimwongoza bibi kwa mkono, akamketisha mbele. Mwalimu Festo alikuwa amesimama nyuma na Edward.

Mama Peniel alikuwa ameleta sanduku lake la kubebea dawa, akaliweka miguuni. Alipopewa nafasi hakusema mengi.

"Dawa niliichukua mjini ndani ya barafu, nikaifungua alfajiri ileile mbele yenu," alisema. "Kama ilikuwa mbovu, ilikuwa mbovu kwa wote, na kuku wangu mimi ningekuwa nimeshawazika. Lakini siwezi kusema mtoto hakuja. Asubuhi ile watoto walikuwa wengi, matenga yamepishana. Sina la zaidi. Mkiamua nirudishe sanduku, nitalirudisha."

Akainama kufunga vizuri khanga yake ambayo haikuwa imefunguka.

Mzee Urbano alisimama. "Nilimwona mtoto kwenye foleni. Na mtoto mwenyewe yupo hapa. Aulizwe tu tumalize."

Mzee Alute alimgeukia Loyce. Lakini kabla Loyce hajafungua kinywa, Bibi Selina aliinuka, akishikilia fimbo yake.

"Huyu haulizwi," alisema.

Watu wakamgeukia, maana bibi hakuwa mtu wa kusema kwenye mikutano.

"Mama Peniel simlaumu. Amenihudumia miaka yote bila kuniomba hata yai. Huenda dawa iliharibikia njiani, hilo si kosa la mtu. Lakini mjukuu wangu haulizwi kama aliwapeleka kuku. Mimi sioni. Mtu asiyeona anaishi kwa kuambiwa. Akiniambia pana shimo, naruka. Akiniambia hapana, nakanyaga. Miaka minne sijaanguka hata siku moja. Loyce aliniambia amewapeleka wote kumi na watatu. Anayesema ni mwongo, aniite mimi mwongo kwanza."

Akasimama pale, mdogo, mgongo umepinda kidogo, uso ameuelekeza upande ambao hapakuwa na mtu. Loyce alimtazama. Akamwona bibi yake yuko juu, kwenye dungu ambalo nguzo zake Loyce mwenyewe ndiye aliyezila, na alikuwa amepanda bila kuuliza, kwa upendo tu. Wala bibi hakuwa na namna ya kujua. Bado kidogo tu angeapa.

Loyce alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, kwa mazoea, na watu wawili watatu wakacheka. Hakuwasikia. "Naomba Bibi akae. Anasimama mahali pasipoteteeka, na mimi ndiye niliyemweka. Kuku sikuwapeleka."

Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikuwa kwenye foleni, Mzee Urbano aliniona kweli. Lakini niliona nitachelewa gari la Sepuka, nikaondoka na matenga kabla ya zamu yangu. Nikamwambia Bibi tayari. Kuku wetu hawakupata hata tone. Dawa ya Mama Peniel haina kosa. Naiondoa… nayaondoa niliyosema." Hapo sauti iliyokuwa inafika barabarani ikaisha. "Mama Peniel, nisamehe. Mwambie na Peniel anisamehe."

Bibi Selina alikaa polepole, akipapasa gunia kwa mkono kulitafuta.

Mama Peniel ndiye aliyesogea. Alimkumbatia Loyce, akamwacha alowanishe bega lake kwa machozi, na yeye mwenyewe akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mzee Alute alikohoa, akasema mambo ya mkutano yamejibiwa, chanjo iko palepale Jumamosi ijayo. Mzee Urbano alivua kofia yake, akaigeuza mikononi, akaivaa tena. Halafu akasema atakuwa wa kwanza kwenye foleni, na kwamba maneno yake aliyoyatembeza atayarudisha nyumba kwa nyumba. Loyce aliomba waende pamoja.

Njiani kurudi bibi hakumshika mkono. Alitumia fimbo. Loyce alitembea kando yake, akiona kila jiwe na kuogopa kulitaja.

Siku mbili zilipita hivyo. Asubuhi bibi alimwita Edward aliyekuwa anapita na ndoo, akamuuliza kama angani kuna mawingu. Loyce alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Hakuna kiboko ambacho kingemuuma kama hilo. Lakini hakulalamika. Aliteka maji, akapika, na jioni alikwenda na Mzee Urbano nyumba kwa nyumba, akasimama kila mlango, akasalimia wazee, akasema tena yale aliyoyasema kwenye mashine. Nyumba ya kwanza ilikuwa ngumu. Nyumba ya thelathini ilikuwa ngumu vilevile.

Usiku wa tatu, baada ya chakula, bibi alisema, "Njoo ukae hapa."

Loyce akakaa kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

"Sikasiriki kwa ajili ya kuku," alisema bibi. "Mtoto anaweza kuchoka foleni. Hata mimi nikiwa mdogo niliwahi kuwaacha mbuzi wakaingia kwenye uwele wa watu kwa sababu nilitaka kwenda ngomani. Nilichapwa, nikasamehewa, yakaisha. Ungeniambia siku ileile, ningekugombeza, tukamwomba Mama Peniel akija tena aanzie kwetu, au tukawahi mahali pengine wanakochanja. Unajua kilichoniuma?"

"Uongo wangu, Bibi."

"Uliniacha nisimame mbele za watu." Mkono wake ulitafuta kichwa cha Loyce, ukakipata. "Sikiliza, mama yangu. Mimi nakupenda, na nitakupenda hata ukikosea. Lakini upendo wangu hauwezi kuugeuza uongo uwe kweli. Nikisimama kuutetea, tunaanguka wote wawili, na mimi mifupa yangu imezeeka. Ukikosea, usinipe kazi ya kukutetea. Nipe kazi ya kukusamehe. Hiyo naiweza."

Loyce aliegemeza kichwa kwenye goti lake. Wakakaa hivyo hadi moto ukabaki makaa.

Jumatano, Mwalimu Festo alifuta ubao, akamwita Loyce mbele ya chumba cha mdahalo.

"Nilitaka kuwaeleza tena maana ya neno lile," aliwaambia wanafunzi, "lakini nimeona kuna aliyelielewa kunizidi. Mkumbuke jambo moja. Ufundi wa kusema ni kitu kizuri, na kazi yake ya kwanza ni kutujulisha sisi wenyewe tumesimama wapi. Kabla hujapima hoja ya mwenzako, pima yako. Ukiona haiteteeki, shuka. Loyce alishuka mbele ya kitongoji kizima. Mimi mwalimu wenu sijui kama ningeweza."

Edward alianza kupiga makofi, lakini Loyce akatikisa kichwa, naye akaacha.

Jumamosi foleni ya Mama Peniel ilizunguka nyumba na kutokea upande wa pili. Mzee Urbano alikuwa wa kwanza kama alivyoahidi, na kuku wake arobaini na kelele zao. Loyce hakuwa na kuku wa kupeleka. Alishinda pale tangu alfajiri akiwashika kuku wa watu, akiwageuza vichwa taratibu ili tone lidondoke vizuri. Peniel alikuwa anafungua na kufunga matenga. Kwanza hakumsemesha Loyce. Ilipofika saa mbili akamwomba amshikie jogoo mmoja mkorofi, wakasaidiana, jogoo akawachafua wote wawili, wakacheka.

Walipomaliza, Mama Peniel alimfunga miguu mtetea mmoja, akamkabidhi Loyce. Huko kwao mtu aliyefiwa na kuku wote hupewa mtetea wa kuanzia. Anamfuga, anamtotolesha, na vifaranga vya kwanza vikikua anamrudishia aliyempa mmoja. Hakuna anayeandika mahali. Watu wanakumbuka.

"Mwambie bibi amechanjwa asubuhi hii," alisema Mama Peniel. "Mwambie umeona."

Bibi Selina alikuwa kwenye kigoda chake. Loyce alimfungua mtetea akamweka chini. Mtetea alisimama, akajikung'uta, akatoa mlio mmoja wa kuuliza. Uso wa bibi ukageuka kuufuata.

"Huyu simjui," alisema. "Yukoje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima kumwuliza Loyce swali la aina hiyo. Loyce alichuchumaa akamtazama mtetea vizuri kabla ya kujibu.

"Ni mweusi, Bibi. Ana doa jeupe shingoni. Amechanjwa, nimeliona tone likiingia jichoni. Na mguu wa kushoto anachechemea kidogo."

"Anachechemea?"

"Kidogo. Kidole kimoja kimekatika zamani."

Bibi alitega sikio, akausikiliza mwendo wa mtetea juu ya mchanga.

"Hilo la mguu ungeweza kuninyamazia," alisema. "Nisingejua."

"Ningeweza, Bibi."

Bibi akanyoosha mkono, na Loyce akaushika. "Haya, macho yangu," alisema, "nipeleke tukamtafutie mahali pa kutagia."